Dakika Kumi na Moja za Mitsumata

"Nitajie siku moja tu," alisema Bi Fusae, akimenya figili kwa kisu chembamba. "Siku moja ambayo huyo Kurihashi wako alikwenda mahali kwa ajili yako. Mahali ambapo kama usingezaliwa, yeye asingepita."

Chizuru alikizungushia kikombe cha chai mikono yake miwili. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na chini, kwenye banda lao la kutunzia baiskeli, hapakuwa na mteja. Siku za kazi watu wa Kuwabara walianza kumiminika tangu alfajiri, wakaziacha baiskeli zao kwa Bi Fusae, wakakimbilia stesheni iliyokuwa hatua mia tatu tu kutoka pale. Jumapili hata kengele ya baiskeli ilikuwa haisikiki.

"Nasubiri," alisema Bi Fusae.

"Mama, mbona unanihoji kama polisi?"

"Polisi wangekuwa wameshapata jibu."

Chizuru akacheka, lakini kicheko chake kilikatika upesi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kwa miaka mitatu alikuwa amempenda mwanamume mmoja. Sasa alilitafuta jibu la kumpa mama yake kila mahali kichwani mwake asilione.

"Bwana Igarashi alikuja hapa kwa gari," mama yake akaendelea. "Alipotea mara mbili. Akaparuza ubavu wa gari kwenye ukuta wa jirani. Lakini alifika, na stroberi mkononi."

"Zilikuwa zimepondeka."

"Zimepondeka, lakini zimefika! Mwanangu, Bi Ogiwara aliyetukutanisha naye ameshapiga simu mara mbili. Jumapili ijayo anataka neno la posa. Ndiyo au hapana. Mtu mzima haachwi ananing'inia kama nguo kwenye kamba."

"Nitakupa jibu, Mama."

"Mimi sina neno na huyo Kurihashi wako, ndivyo alivyo. Ila mtu anayekupenda pale tu anapobadilishia treni..." Bi Fusae akasita, akaitazama figili yake. "Siku treni isipobadilishwa, itakuwaje?"

Siku hiyo ilikuwa imeshafika, na wote wawili walilijua hilo.

*

Chizuru alikuwa fundi wa miwani katika jengo la stesheni ya Tokiwa. Takumasa Kurihashi alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka masokoni na viwandani na mfuko wa mawe ya chuma ya kupimia, akahakikisha kwamba kilo ni kilo. Kila jioni wote wawili walishukia Mitsumata, mahali reli tatu zinapokutana. Chizuru alibadilisha treni kwenda kwao Kuwabara, naye Takumasa akabadilisha kwenda Nagatsuka, alikoishi peke yake. Kati ya treni aliyoshuka Takumasa na ile aliyoisubiri palikuwa na dakika kumi na moja.

Walijuana kwenye kibanda cha tambi za moto, pale jukwaani, ambapo watu hula wamesimama. Mvuke wa tambi zake, zilizopasuliwa yai bichi juu, ulikuwa umeifunika miwani ya Takumasa, naye alikuwa akiusaka mdomo wake kwa vijiti. Chizuru alimtazama, akashindwa kujizuia.

"Samahani. Mkono mmoja wa miwani yako umepinda. Ndiyo maana inakuporomoka."

"Imepinda tangu mwaka jana."

"Na unajiita mtu wa vipimo?" alimtania, kwa kuwa alikuwa ameshaona maandishi kwenye mfuko wake.

"Mimi hupima vya watu, bibi. Vyangu huviacha hivyo hivyo."

Chizuru alimvua miwani ile, akainyoosha kwa vidole vyake mwenyewe, akamvisha. Vidole viligusa sikio lake. Takumasa akawa mwekundu, si kwa pilipili.

Basi ndivyo mapenzi yao yalivyokua, kwa vipande vya dakika kumi na moja. Jumamosi walikutana papo hapo Mitsumata, kwenye duka la vitabu au mgahawa wa ghorofa ya tatu, kwani kadi zao za nauli za miezi sita ziliwafikisha wote wawili pale bila kufikiri. Hawakuwahi kwenda kwingine. Kwanza walisema kesho, kisha majira ya maua, kisha hawakusema tena. Chizuru hakukijua chumba cha Takumasa, wala Takumasa hakulijua banda la baiskeli.

Kisha, mwezi Machi ulipoingia, tangazo likabandikwa kwenye nguzo za jukwaa: kuanzia Jumamosi ya pili ratiba inabadilika kama kila mwaka, na safari hii reli ya Takumasa itaunganishwa. Treni itapita Mitsumata na kwenda moja kwa moja hadi Nagatsuka. Abiria wa huko hawatahitaji kushuka tena.

Ijumaa ya mwisho walikula tambi zao mbele ya tangazo lile.

"Umelisoma?" aliuliza Takumasa.

"Nimelisoma."

"Nitakuwa nafika nyumbani mapema kwa dakika kumi na moja."

"Utazifanyia nini?"

Alifikiri kwa muda mrefu mno kwa swali dogo namna ile. "Sijui. Pengine nitalala."

Wiki moja kabla yake, Chizuru alikuwa amemweleza habari za Bwana Igarashi. Alikuwa amesubiri akasirike. Badala yake alikuwa ameuliza, "Mtu mwenyewe yukoje?"

"Ana gari."

"Gari," Takumasa alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake amefuga tembo. "Ataliegesha wapi?"

Wakacheka sana. Usiku ule, kitandani, Chizuru hakuona tena kilichochekesha.

*

Jumatatu alisimama mahali pale pale: behewa la nne, mlango wa tatu, ulio karibu zaidi na ngazi. Upepo ulileta chavua ya misonobari, na karibu kila mtu jukwaani alikuwa amevaa barakoa. Jukwaa lilikuwa nusu tupu.

"Bwana wa yai bichi leo hashuki?" aliita mama mwenye kibanda cha tambi, ambaye wateja wote walimwita Shangazi, akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Atashuka, Shangazi."

"Unasema wewe. Wametuunganishia reli, wametukatia wateja. Nimtilie maji ya tambi au nisimtilie?"

"Mtilie."

Treni iliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Milango ikafunguka, wakashuka watu watatu, na Takumasa hakuwamo.

Ndipo Chizuru alipomwona kupitia kioo. Alikuwa ameketi. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumwona mtu huyu ameketi ndani ya treni. Mfuko wa mawe ulikuwa mapajani, barakoa imepanda hadi chini ya miwani, na macho yamefumbwa. Amelala, kama wanavyolala watu wote wanaorudi kazini.

Wimbo mfupi wa kuondoka ukaanza kulia spikani. Wimbo ule huchukua sekunde saba. Chizuru aliujua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Katika sekunde hizo angeweza kugonga kioo. Angeweza kumwita. Lakini kugonga ni kumwamsha, na aliyeamshwa akashuka hajashuka mwenyewe. Alitaka ajiamshe.

Hakujiamsha. Wimbo ulipofika mwisho, Chizuru akaingia ndani, na mlango ukafungwa nyuma ya koti lake.

"Mwanangu!" sauti ya shangazi ilisikika nyuma ya kioo. "Hiyo siyo yako!"

Alijua siyo yake. Alishika kishikizo kilichoning'inia juu ya kichwa cha Takumasa, akasimama mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana.

Zilikuwa dakika kumi na tisa hadi Nagatsuka. Hakuna aliyezungumza behewani. Nje, nyumba ziliwasha taa moja baada ya nyingine, nyumba zilizosongamana kila penye stesheni na kupungua katikati, kisha kusongamana tena. Hakuwa amewahi kuziona, na hakuna hata moja iliyomjua yeye. Aliona unywele mweupe karibu na sikio la Takumasa. Aliona pindo la suruali lililoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa mkono, na mtu asiyejua kushona. Kwenye dakika zao kumi na moja hakuwa ameviona vitu hivi. Jukwaani mtu hutazama uso, hutazama saa.

Stesheni ya kwanza ikapita, na ya pili. Na hapo, akining'inia kwenye kishikizo kama mzigo uliosahauliwa, swali la mama yake likamrudia, ila sasa lilimgeukia yeye. Na wewe je, Chizuru? Nitajie siku moja tu. Duka liko ndani ya stesheni, nyumba iko mbele ya stesheni, na mpenzi yuko kati ya stesheni. Lini wewe ulikwenda mahali ambapo hukuwa unapita?

Leo, alijijibu. Na moyo ulimuuma, kwani miaka mitatu ilikuwa mingi sana kwa leo moja.

*

Nagatsuka ilipotangazwa, Takumasa alifumbua macho mara moja, akainua kichwa. Wakatazamana.

"Aa," alisema.

"Aa," alisema Chizuru.

Watu wakawasukuma kutoka nje. Walipanda ngazi pamoja na umati, na Takumasa, kwa mazoea ya miaka tisa, akagusisha kadi yake getini na kupita. Chizuru akamfuata kwa mazoea yale yale. Geti likalia, na vibao vyake viwili vikajifunga mbele ya tumbo lake.

Alikuwa amesahau. Kadi yake ilimtosha kwenda Tokiwa na kurudi Kuwabara. Huku ilikuwa haimjui.

"Samahani. Samahani sana," aliwaambia waliokuwa nyuma yake, mmoja akiwa ameshaanza kusonya, akajisogeza pembeni kwenye uzio wa chuma.

"Bibi, mashine ya kuongezea nauli iko kulia kwako," alisema karani wa dirishani.

"Asante."

Lakini hakwenda kwenye mashine. Takumasa alikuwa amerudi, amesimama upande wa pili wa uzio, mfuko umemwinamisha bega. Uzio ulimfika Chizuru kifuani.

"Kwa nini hukuniamsha?" aliuliza Takumasa.

"Nilitaka nione kama utaamka Mitsumata."

"Na..."

"Hukuamka, Takumasa. Ni miaka mitatu. Mwili wako unaamka Nagatsuka bila kuambiwa, na Mitsumata haukuamka."

Takumasa aliishusha barakoa yake. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Sikuwa nimelala," alisema.

Chizuru hakuelewa mara moja. Msichana mwenye sare ya shule alipita kati ya sauti zao, geti likalia kidogo, akaenda zake.

"Umesemaje?"

"Nilikuwa macho. Nilikuona tangu treni inapunguza mwendo. Umesimama pale pale. Nikafumba macho."

"Ulifumba macho."

"Ndiyo."

"Kisha nikaingia."

"Nilijua ni wewe. Koti lako lina harufu ya ile dawa mnayofutia vioo. Nikashindwa kuyafumbua. Kila stesheni nilisema, hii ndiyo nayafumbua. Zilikuwa tano, Chizuru. Zote tano niliahidi."

"Umenisimamisha dakika kumi na tisa mbele yako!" Sauti yake ilipanda, na karani wa dirishani akajifanya anapanga karatasi. "Nimekutazama kama mama anayetazama mtoto mgonjwa! Nimekuonea huruma, nikasema masikini, amechoka! Kumbe unanisikiliza ninavyopumua!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungefumbua hata jicho moja!"

Takumasa aliuweka mfuko chini. Mawe yaligongana ndani yake. Alipozungumza tena, alizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto na hajui kina chake.

"Nilifikiri hivi. Nikishuka leo, nitashuka na kesho. Tutakula tambi. Tutacheka. Mwaka utapita, na mwingine, na wewe utaendelea kunisubiri kwa dakika kumi na moja. Na yule mwenye gari atachoka. Nikasema, ratiba imenifanyia kazi ambayo mimi siiwezi. Nikiacha tu treni ipite, wewe utakuwa huru, na hakuna atakayekuwa ameagwa."

"Hakuna atakayekuwa ameagwa," Chizuru alirudia. "Ukaona hilo ni jambo jema?"

"Niliona ni jepesi."

"Mimi nilikuomba uhuru?"

"Hapana."

"Basi kwa nini? Niambie kweli, si hizo za ratiba. Hunitaki?"

"Nakutaka!" Ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. Kisha akashusha sauti. "Kwenye zile dakika kumi na moja mimi ni mtu mzuri. Ninachekesha. Sichoshi. Nikiona nakaribia kukuchosha, treni inakuja. Lakini ya kumi na mbili, Chizuru, sijui mimi ni nani. Chumba changu kiko dakika nne kutoka hapa. Kina bakuli moja. Miaka tisa nimeishi upande huu wa reli, upande wa pili sijawahi kufika hata kununua mkate. Nikifunga mlango jioni sizungumzi mpaka asubuhi. Nilikuwa naogopa uingie mle uone kwamba nje ya jukwaa hakuna mtu."

Chizuru alimtazama. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, lakini chini yake palifunguka kitu kingine, kipana na chenye baridi. Alikuwa akiujua upweke huo. Yeye naye alikuwa akirudi nyumbani kila jioni akimhesabia mama yake vicheko vya Mitsumata kama vile ndivyo maisha yenyewe.

"Na mimi niliogopa," alisema hatimaye. "Kama ungekuja kwetu, ungemkuta Mama, baiskeli sitini, na mimi nimevaa soksi za pamba zenye matundu. Nikaona afadhali tubaki wasafi pale jukwaani."

"Soksi zenye matundu?"

"Usicheke."

"Sicheki."

Hakucheka kweli. Aliweka mkono juu ya uzio, naye Chizuru hakuugusa, ila hakuuondoa wake uliokuwa pembeni yake.

"Toka," alisema Takumasa. "Mashine iko hapo kulia. Toka uje ukione hicho chumba. Nitakukaanga mayai. Wewe utakula kwenye bakuli, mimi kwenye sufuria."

Lo! Ni jioni ngapi alikuwa ameyatamani maneno hayo! Miguu yake ilikuwa imeshaanza kugeuka. Hatua nane tu hadi kwenye mashine, na geti lingefunguka. Lakini aliona pia jinsi ilivyokuwa: angetoka leo kwa sababu yeye ndiye aliyeipanda treni, na kesho angeipanda tena, na keshokutwa, na mtu aliyefumba macho angebaki ameketi pale pale.

"Hapana," alisema. "Leo sitoki."

"Chizuru..."

"Nisikilize. Mimi nimeshaacha njia yangu mara moja. Ukitaka nitoke getini kwenu, njoo kwanza utoke getini kwetu. Kuwabara, mlango wa kusini, hatua mia tatu, banda la baiskeli. Mama yangu atakukunjia uso. Atakuuliza maswali kama polisi. Kwa treni yako utalazimika kushuka Mitsumata kwa makusudi na kupanda nyingine. Hakuna ratiba itakayokusaidia."

"Nije lini? Jumapili?"

"Sikupi siku. Nikikupa siku utaifanya ratiba."

Takumasa, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akatazama saa ukutani.

"Ya kurudi ni saa moja na dakika kumi na tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Jukwaa la pili."

Chizuru alitikisa kichwa, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Masikini mtu wangu. Hata hilo unalijua kwa kichwa."

Akageuka, akashuka ngazi, na hakutazama nyuma mpaka alipokuwa na hakika kwamba kutoka pale hakuweza tena kuona geti.

*

Jukwaa la pili lilikuwa tupu. Wote walikuwa wakitoka mjini wakati huo. Hakuna aliyekuwa akirudi. Aliketi kwenye benchi la baridi, akatoa simu, kwani ndani ya treni mtu hazungumzi.

"Umechelewa," alisema Bi Fusae kabla hajasalimiwa. Nyuma yake palisikika baiskeli zikitolewa bandani, na watu wakishukuru na kuagana.

"Niko Nagatsuka, Mama."

"Wapi?"

"Nagatsuka. Kwa Kurihashi."

"Kwake nyumbani?"

"Getini."

"Alikuja kukuchukua?"

"Hapana. Nilikuja mwenyewe. Na sasa narudi." Alivuta pumzi. "Mama, mpigie Bi Ogiwara. Mwambie amjulishe Bwana Igarashi kwamba nashukuru sana, lakini hapana."

"Kwa hiyo huyu mwingine amekuoa?"

"Hapana."

"Amekuahidi?"

"Hajaniahidi kitu. Huenda asije kabisa."

"Ala! Sasa wamkataaje mwenye nyumba na gari kwa ajili ya asiyekuja?"

Chizuru aliitazama reli iliyopotea gizani, upande wa kwao. Alitaka kusema neno kubwa, lakini lililokuja lilikuwa dogo.

"Kwa sababu kwa Bwana Igarashi, Mama, nisingepanda treni. Hata stesheni moja. Nimejua leo. Mtu huyo ni mwema, haifai aendeshe gari umbali wote ule kuja kwa mwanamke ambaye hawezi kumfuata hata stesheni moja."

Baiskeli ya mwisho ilitoka, kengele yake ikalia. Bi Fusae alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya kumenyea figili.

"Unalia?"

"Kidogo."

"Una skafu?"

"Niliiacha dukani."

"Huku kuna upepo unaokata masikio. Treni inafika saa ngapi? Nitakuja stesheni."

"Mama, ni hatua mia tatu tu. Na goti lako linalouma..."

"Nimesema nitakuja," alisema Bi Fusae, akakata simu.